Gauni Lililoruka Ukuta

Msomaji, yule mwanamke tuliyemwacha juma lililopita bado yuko pale pale. Amepanda jiwe la walinzi, tumbo ameliegemeza ukutani, mikono ameinyoosha nje ya ukingo. Mikononi limening'inia gauni la kijani, na chini ya gauni hakuna kitu ila upepo.

Wanamwita Sindano. Jina alipewa na wateja wake, nusu kwa sababu ya kazi, nusu kwa sababu ya ulimi. Ni fundi wa nguo za kike, ameshaitwa bibi na wajukuu, lakini mchana ule kifua kilimchemka kama cha msichana.

Kama wiki iliyopita gazeti lilikupita, kisa ni hiki. Marafiki watatu wamekuja kuutembelea mji wa kale uliojengwa juu ya jabali. Wa kwanza ni Sindano. Wa pili ni rafiki yake wa tangu ujanani, mkunga wa zahanati. Wa tatu ni msusi, mgeni kati yao, aliyefungua saluni ukuta kwa ukuta na duka la Sindano. Mkunga hajawahi kuvaa nguo ya fundi mwingine. Gauni lake la harusi, koti jeupe la kazini, nguo alizovaa siku ya kumzika mumewe, vyote ni mkono wa Sindano.

Asubuhi, kwenye nyumba ya wageni, Sindano akafungua begi la Mkunga kutafuta dawa ya kichwa. Ndani yake, likiwa limekunjwa kwa karatasi laini kama mtoto mchanga, akakuta gauni ambalo hakulishona yeye.

Akalipima kwa shibiri. Kifua si cha Mkunga. Kiuno si cha Mkunga. Na wasafiri ni watatu tu.

Ni la Msusi!

Mkunga amemtafutia Msusi fundi mwingine, akapita mbele ya duka la rafiki yake na kitambaa kwapani, akanyamaza kimya! Ndivyo Sindano alivyowaza. Akalificha gauni ndani ya mtandio wake, akatembea nalo mpaka ukingoni.

"Sindano!" Sauti ya Msusi ikapasuka nyuma yake. "Wewe mwanamke, shuka hapo kabla sijakuvuta kwa nywele nilizosuka mwenyewe!"

Sindano akageuza kichwa. Akamwona Msusi anakuja mbio, viatu mkononi, kile kitambaa kipya cha maua kikipepea shingoni. Kitambaa alichonunuliwa na Mkunga jana njiani.

Akafungua vidole.

Gauni halikuanguka mara moja. Lilijaa upepo kwanza, mikono yake ikafunguka, likasimama hewani kama mtu anayetaka kukumbatiwa. Kisha likazama, likapita ufa wa mwamba, likazama tena, likanasa kwenye kichaka kilichoota ubavuni mwa jabali, juu kidogo ya mapaa ya mtaa wa chini. Pale likabaki, linapepea.

"Umetupa nini?" Msusi alifika anahema.

"Gauni lako."

"Langu? Mimi nina gauni gani la kijani? Kijani nikivaa watu wananiuliza nimelazwa lini!"

"Usinichezee. Nimeliona kwenye begi la Mkunga."

Msusi akachungulia ukutani. Akaliona. Mkono ukamwenda mdomoni, na viatu vikamwanguka.

"Mungu wangu. Sindano, umefanya nini?"

"Alikupeleka kwa fundi gani? Nitajie tu. Au ni yule wa barabarani anayeshona mashati ya shule kwa uzi wa gunia?"

"Nimekula kiapo," Msusi alisema kwa sauti ndogo. "Siwezi kusema."

"Umekula kiapo! Umeingia juzi tu kwenye urafiki wa watu, na viapo umeshakula!"

Wageni wenye kamera walianza kusogea pembeni taratibu, jinsi watu wanavyosogea wakiona wanawake wamefunga mitandio kiunoni. Msusi aliinama, akaona kamba ya kiatu cha Sindano imefunguka pale juu ya jiwe, akaifunga kabla hata hajavaa viatu vyake mwenyewe. Sindano hakuona. Alikuwa anamtazama mtu mwingine.

Mkunga alikuwa anakuja kutoka kwenye kibanda cha chai, vikombe vitatu vya karatasi mikononi, anatembea kwa uangalifu asimwage, na goti lake bovu linamvutia upande. Alikuwa anatabasamu.

"Mbona nyuso hizo? Sukari nimeweka. Ya Sindano nimeizidisha, najua…"

Macho yake yakafuata kidole cha Msusi, yakavuka ukuta, yakashuka. Tabasamu likafa.

"Nani?" akauliza.

"Mimi," alisema Sindano, kidevu juu. "Na ningekuwa wewe ningenishukuru. Kifua na mabega yana afadhali, aliyeyashona anajua kazi. Lakini pindo! Pindo lile linatembea kama mlevi anayetafuta kwao. Aliyelishona alifumba macho? Hata mtoto akishika sindano kwa mara ya kwanza…"

"Mkunga, usimsikilize," Msusi alisema haraka.

"…hata mtoto angeona haya!"

Mkunga aliviweka vikombe juu ya ukuta, kimoja kimoja.

"Pindo nililishona mimi," akasema.

Msusi akafumba macho.

"Wewe?" Sindano akacheka kidogo, cheko la kujikinga. "Wewe kifungo kikikatika unakuja kwangu!"

"Nimejifunza. Nimelishona, nikafumua, nikashona, nikafumua, mpaka kitambaa kikaanza kuchoka. Vidole hivi ulivyoniuliza vina nini, nikakwambia ni sabuni ya zahanati? Havikuwa na sabuni. Vilikuwa vimechomwa."

Msomaji, hapo ndipo mtu mwenye akili timamu angenyamaza. Lakini wivu ukishaingia kazini hauombi likizo. Sindano hakusikia vidole vilivyochomwa. Alisikia kitu kimoja tu: kwamba Mkunga amemshonea mtu kwa mikono yake mwenyewe, na mtu huyo si yeye.

"Basi hongera," akasema. "Mimi nimekuvisha maisha yako yote. Nimekushonea mimba zako nne zikikua. Hujawahi kunishonea hata leso ya kufutia jasho. Anakuja mtu na mkebe wa mafuta ya nywele, anashonewa gauni!"

Mkunga akachukua kikombe kimoja cha chai. Kisha akageuka, akaondoka. Hakwenda upande wa nyumba ya wageni. Alishika njia inayozunguka ukuta, kuelekea Ngazi za Maji.

*

"Mwache aende zake," Sindano alisema.

"Kaa chini," Msusi alisema.

"Sikai na wewe."

"Kaa, nimesema! Nimefunga mdomo miezi na miezi kwa ajili ya kiapo cha Mkunga, leo nakivunja. Jibu swali la ufundi. Mabega ya lile gauni yakoje?"

Swali la kazi hata adui akiuliza fundi hujibu. "Hayalingani. La kulia limekatwa chini kuliko la kushoto. Nikadhani mkataji alikosea."

"Hakukosea."

Msusi akaingiza mkono kwenye pochi, akatoa kioo chake kidogo cha kazi, kile anachowaonyeshea wateja kisogo. Akakishika mbele ya Sindano, mbali kidogo, ili aone shingo na mabega.

"Tazama."

Sindano akatazama. Akaona uso uliovimba kwa hasira. Akaona shingo. Kisha akaona mabega, na bega la kulia lilikuwa limeinama, limeshuka, limejikunja mbele, jinsi linavyoinama kila siku ya Mungu juu ya gurudumu la cherehani.

"Kila nikikufunga kitambaa shingoni nikuoshe nywele nayaona," Msusi alisema. "Wewe unajua vipimo vya wanawake wa mtaa mzima. Vyako je? Nani aliwahi kukupima?"

Hakuna aliyewahi. Nguo zake alizikata kwa macho, usiku wa sikukuu, kwa vipande vilivyobaki kwenye vitambaa vya watu. Mkono wa kitambaa hiki, mgongo wa kitambaa kile. Futi ya kupimia ilikaa shingoni mwake tangu ujana, na haikuwahi kumzunguka kiunoni hata mara moja.

"Hamkunipima," akanong'ona.

"Ulidhani nilikuwa nakukanda mabega bure pale kwenye beseni? Umefumba macho, unanisimulia mateso ya wateja wako, mimi nyuma yako nanyoosha utepe! Kiuno ndicho kilichonitesa. Ilibidi nijifanye nimeangusha chanuo."

Kioo kikamtetemeka Sindano machoni, au yalikuwa machozi. Alikumbuka zile Jumamosi za kukandwa mabega. Alikuwa akitoka pale anajisikia mwepesi, anamsifu Mungu, wala hakuwahi kumshukuru Msusi.

"Ni langu," akasema.

"Ni lako, dada. Umetupa gauni lako mwenyewe."

Sindano akainuka. "Mkunga kaenda wapi?"

*

Jana mwongozaji wa watalii, mzee mrefu mwenye mwavuli, aliwaeleza habari za Ngazi za Maji. Mji huu zamani haukuwa na kisima. Watu walipanda juu ya jabali kuwakimbia maadui, wakasahau maji chini. Basi wanawake wakachonga ngazi kwenye ubavu wa mwamba, wakawa wanashuka na vyombo mpaka chemchemi. Lakini walijiwekea sharti: hakuna wa kushuka peke yake. Kila mwanamke alikuwa na mwenzake wa ngazi, wa maisha. Mwenzake akiugua, naye hakushuka, na jirani aliwagawia maji wote wawili.

"Na nyinyi, nani mwenzake nani?" mzee aliwatania.

Mkunga akamshika Msusi mkono, kwa sababu Msusi alikuwa amechubuliwa kisigino na kiatu na alikuwa anachechemea. Ilikuwa hivyo tu, basi. Lakini Sindano aliuwaza mkono ule usiku kucha.

Sasa walimkuta mzee mwenye mwavuli amesimama mbele ya mnyororo unaofunga ngazi, ameshika kikombe cha chai, amepigwa na butwaa.

"Nilimkataza," akasema kabla hajaulizwa. "Nikamwambia mama, ngazi hizi hazitumiki na wageni, wanapita wenyeji wa mtaa wa chini tu, waliozoea. Akasema naelewa mzee wangu, una kiu, pokea chai. Nikapokea. Nikasema asante. Namwambia nani? Hayupo!"

"Umemwacha ashuke na lile goti?" Sindano akafoka.

"Mama, mimi kazi yangu ni kusimulia walioanguka. Si kuongeza."

Sindano akachungulia. Mara akarudi nyuma, akashika ukuta. Huyu ndiye yule yule aliyekuwa akining'inia ukingoni muda mfupi uliopita. Lakini kule alikuwa ameshikwa mkono na wivu, na sasa wivu umemwachia. Yeye ni mtu ambaye balbu ikiungua humwita jirani, hapandi hata kigoda.

"Siwezi," akasema.

"Basi usiende." Msusi alishafungua kile kitambaa cha maua shingoni. "Subiri hapa, niende mimi."

"Uende wewe?"

Wivu uliinua kichwa kidogo, kwa mazoea tu. Sindano akaukandamiza.

"Nifunge," akasema.

Msusi akamfunga kitambaa kiunoni, akashika ncha, mzee akamshika Msusi, mwavuli ukasimama peke yake. Sindano akakaa chini, akashuka ngazi ya kwanza kwa makalio, kama mtoto. Kisha ya pili. Kitambaa kilipoisha urefu, Msusi alikiachia kwa upole.

"Shika yale matundu ya vidole ukutani!" mzee alipiga kelele. "Yamechongwa kwa ajili hiyo!"

Vidole vyake vikayapata. Mashimo madogo kwenye mwamba, laini, yaliyolainishwa na mikono ya wanawake ambao hakuna ajuaye walivyoitwa. Akayafuata moja baada ya jingine, macho kafumba, midomo inaomba.

*

Katikati ya ngazi mwamba umechongwa ndani, kikapatikana kijumba cha kupumzikia. Kina kiti cha jiwe. Kiti hicho kina mabonde mawili yaliyolika kwa kukaliwa, bega kwa bega.

Mkunga alikuwa amekalia bonde moja. Goti lake limevimba kama mkate. Mapajani mwake kulikuwa na gauni la kijani alilolinasua kichakani, ngazi chache chini ya pale, limechanika kidogo kwenye mkono, lina majani.

"Mbona umeshuka peke yako?" Sindano aliuliza.

"Nilijua utakuja."

"Na kama nisingekuja?"

"Ningekaa hapa mpaka uje. Kwani napanda na goti gani?"

Sindano akakaa kwenye bonde la pili. Lilimpokea sawasawa. Walikaa hivyo kidogo, wanatazama korongo, kama walivyokaa zamani kwenye benchi la duka.

"Nisamehe," Sindano alisema.

"Nimekusamehe kwenye ngazi ya tatu. Ya kwanza na ya pili nilikuwa nakutukana."

Sindano akacheka, akalia, yote kwa pamoja. "Mbona hukuniambia pale pale ni langu?"

"Ungeniamini? Ulikuwa umeshakata kesi, umehukumu, umenyonga." Mkunga akaanza kutoa majani kwenye kitambaa, moja moja, kwa vidole vile vilivyozoea vitu vidogo. "Wewe huna gauni lililokatwa kwa ajili yako. Sherehe zote umekaa pembeni na mabaki yetu mwilini. Nikasema kabla mimi na wewe hatujafa, nione siku moja umekaa katikati. Lakini, ndugu yangu, pindo ni kazi! Watoto wa watu wanatoka wenyewe, pindo halitoki."

"Pindo lako ni zuri."

"Linatembea kama mlevi."

"Anatafuta kwao. Amefika."

"Livae," Mkunga alisema. Ghafla hakuwa anacheka. "Nilitaka ulivae leo. Ndiyo maana nikachagua mji huu."

"Leo kuna nini?"

"Vaa kwanza."

Sindano akalivaa juu ya nguo zake, pale pale kwenye kijumba cha mawe. Msomaji, likamkaa! Bega la kushoto likakaa. Bega la kulia, lile lililoinama, likapokelewa na kitambaa kilichoinama vilevile, na mtu akimtazama kwa mbele haoni upande uliochoka. Shingo ikanyooka. Hajawahi maishani kuvaa nguo isiyombana wala kumpwaya. Hakujua kwamba wateja wake walikuwa wakijisikia hivi.

Akaanza kufunga vifungo. Cha juu. Cha pili.

Kwenye cha tatu vidole vyake vikasimama.

Fundi mzuri akishona kifungo hakibani kwenye nguo. Huacha uzi mrefu kidogo, kisha huuzungushia nyuzi ukawa kama shingo chini ya kifungo, kipate kupumua. Na uzi ule huzungushwa kuelekea kulia, kwa sababu mafundi wengi ni wa mkono wa kulia. Sindano alipapasa shingo ya kifungo cha tatu. Akarudi cha pili. Akarudi cha kwanza.

Zote zilizungushwa kushoto.

Akazipapasa tena. Ni mtu mmoja tu aliyemjua duniani mwenye mzunguko huo, na kukaza kule, na kile kifundo kidogo kinachofichwa kwenye tundu.

Dada yake mkubwa.

Huyu hatujawahi kumzungumzia, maana Sindano mwenyewe hamzungumzii. Walijifunza kushona kwa mama mmoja, kwenye cherehani moja. Dada alitumia mkono wa kushoto, na mkono huo ulikuwa na baraka. Wateja walikuwa wakija wanauliza, "Yule wa mkono wa kushoto yupo?" Mama akawa anamwambia Sindano, "Tazama mkono wa dada yako." Akautazama utoto wake wote. Mama alipochoka kazi, cherehani alimpa dada. Sindano akautupa mkasi dirishani, akatoka na begi lake bila kuaga, hakurudi. Dada aliolewa mbali, Sindano hakuuliza wapi. Miaka baadaye mchuuzi mmoja wa vitambaa alimpa habari kwamba mama amefariki na wameshazika. Alilia peke yake, mlango kaufunga, na hata hapo hakwenda.

"Pindo ni lako," alisema polepole. "Kifua na mabega, nani?"

Mkunga akasugua goti lake.

"Zile semina zako za zahanati. Kila mwisho wa mwezi. Ulikuwa unakuja hapa?"

"Zilikuwa semina," Mkunga alisema. "Za pindo."

"Usinichekeshe! Umekuwa unakwenda kwa dada yangu nyuma ya mgongo wangu?"

"Nisikilize." Mkunga alimshika kifundo cha mkono, ule mshiko wa kuwashikia wanawake wenye uchungu. "Alimleta mjukuu wake kujifungua kwetu, binti ameolewa upande wetu. Mimi nipo kazini, nimevaa koti langu. Huyu mama akanishika mkono wa koti, akaupindua, akaangalia mshono wa ndani. Akauliza, nani amekushonea? Nikasema rafiki yangu. Akasema, rafiki yako anashona kama mdogo wangu. Akakaa pale chini amelishika koti langu, Sindano. Mtoto alizaliwa, akalia, bado amelishika."

Wivu una njia zake. Sindano alisikia hayo yote, na jambo la kwanza lililomchoma ni kwamba walikaa pamoja. Wamekaa mezani, wamekula, dada amemfundisha Mkunga kushika sindano. Mkono ule tena. Hata rafiki yake mmoja mkono ule umemchukua!

Akashika kifungo cha juu. Akaanza kukifungua.

"Na yeye angemalizia kazi yake mwenyewe!" akasema kwa uchungu. "Fundi wa mkono wa baraka, kwa nini akuachie wewe pindo?"

Hapo wakasikia nyayo.

Hazikutoka juu. Zilitoka chini, upande wa mtaa wa chini. Hatua, kupumzika. Hatua, kupumzika. Kikatokea kichwa chenye mvi nyingi, kisha mabega, kisha mwanamke mnene kiasi, anayepanda kwa kushika mashimo ya ukutani kwa mkono wa kulia.

Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa kifuani kwa kitambaa. Haukuwa na jeraha. Ulikuwa umelala tu, vidole vimejikunja kama vya mtoto aliyesinzia, haushiki kitu tena.

Sindano akautazama mkono wa dada yake.

Amewahi kuuombea mabaya. Akiwa msichana, kitandani, aliwahi kuomba mkono ule ukauke, na asubuhi akaogopa kumtazama dada usoni. Sasa umekauka, na hakupata furaha aliyoiwekea akiba maisha yote.

"Mkono ulinifia mwaka jana," dada alisema, anahema. "Nilikuwa nimefika kwenye vifungo. Cha mwisho kilinishinda. Pindo nikamsimulia rafiki yako kwa mdomo, maskini, amejichoma huyu!" Akaingiza mkono wa kulia mfukoni, akaunyoosha. Kiganjani palikuwa na kifungo kimoja cha kijani. "Hiki nimekuachia. Geuka, mdogo wangu, nione mgongo."

Ni neno la fundi. Mama yao alilisema kwa kila mteja.

Sindano hakugeuka upesi. Alisimama kwenye ngazi, kifungo cha juu kimefunguka, upepo unamwingia. Juu kabisa sauti ya Msusi ikaita, "Mmeelewana huko, au nishuke niwasuke wote?"

Kisha Sindano akakifunga kifungo cha juu. Akageuka. Dada akakibana kifungo vidoleni, akapitisha kiganja chake kimoja mgongoni, kutoka bega la juu mpaka bega la chini, taratibu, akalinyoosha gauni.

"Limekukaa," akasema.

Sindano akachukua kifungo kutoka vidoleni mwake, akaushika na ule mkono uliolala, akauweka shavuni.

"Dada," akasema akilia, "siku mama anafariki, alinitaja?"

Dada akarudi nyuma hatua. Akamtazama Mkunga, Mkunga akatazama chini.

"Hujamwambia?"

"Ulisema utamwambia mwenyewe," Mkunga alijibu.

"Kuniambia nini?" Sindano aliuliza.

Dada akageukia mtaa wa chini. Kati ya yale mapaa, kwenye nyumba iliyobandikwa chini kabisa ya kile kichaka, kulikuwa na dirisha lililo wazi, na ndani ya dirisha kitu cheupe kilikuwa kinatikisika, kama mtandio, kama mkono.

"Nani alikudanganya kwamba mama amekufa?" dada akasema. "Tangu asubuhi amekaa dirishani anakusubiri. Yeye ndiye aliyeliona gauni likishuka. Ameniambia, kimbia, huyo ni mwanangu, anatupa vitu tena."